Koleo la Kwenda Hatta

Jumamosi, 11 Januari 2025. Rashidiya, Dubai.

Koleo la nyumba limevunjika. Limevunjikia mikononi mwa Madam, si mwangu, na hilo lingekuwa jambo jema kama koleo lenyewe nisingelinunua mimi. Alikuwa anakaza waya wa banda la kuku. Pini ya katikati ikachomoka, taya moja ikaruka bandani, nyingine ikambana kidole. Kimefanya lengelenge jeusi. Everlyn, mpishi wetu, alikuja mbio na barafu. Akakitazama kidole, kisha akanitazama mimi. Sikupenda alivyonitazama.

Niweke mambo sawa, hata kama shajara hii ni ya siri. Mimi ni Elisante, dereva. Nyumba ni ya Madam Ashwaq, mjane, mwalimu mstaafu. Mama yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo Kiswahili cha Madam kinanishinda mimi niliyezaliwa Machame. Wafanyakazi tuko wawili tu. Mimi nalala chumba cha nyuma, ukuta mmoja na pampu ya maji. Everlyn, Mkenya wa Nyamira, analala chumba cha karibu na jiko.

Baada ya barafu Madam alituita. Ana shamba Hatta, kule milimani. Mitende, na mbuzi kumi na wanne. Mtunzaji wake amerudi kwao na anataka mmoja wetu akakae huko. Mshahara ule ule, chumba chako, jiko lako, pampu hakuna. (Hilo la pampu nimeongeza mimi.) Lakini uzio ni mrefu na waya hukatika kila wiki. Akasema hivi, nanukuu: "Mtu asoweza kujichagulia koleo, mimi ntamwachiaje mbuzi wangu?"

Akampa kila mmoja wetu noti ya dirham mia. Tununue koleo. Jumamosi ijayo tutayajaribu uzioni.

Everlyn akasema naye anaitaka nafasi hiyo. Mpishi! Nikacheka, ndani kwa ndani.

Nafasi ni yangu. Lazima iwe yangu, maana dakika kumi baada ya kikao nilimwandikia shemeji yangu nyumbani kwamba nimekuwa meneja wa shamba. Juzi alinitumia picha ya trekta yake. Ningefanyaje?

Jumapili, 12 Januari.

Nimemfikisha Madam kwa dada yake Garhoud, nikapata nafasi ya saa mbili. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani. Mwenye duka ni Mhindi mpole wa miwani, Bwana Kuriakose. Nikasema nataka koleo. Akauliza koleo gani. Nikasema la kawaida.

Akapanga saba mezani.

Moja lina mdomo mnene wenye meno, na makali ya kukatia kwa ndani. Moja lina mdomo mrefu kama wa korongo. Moja linakata tu, halishiki. Moja linashika tu, halikati, mdomo unaongezeka na kupungua, ni la mafundi bomba. Moja linajifunga lenyewe na kukataa kuachia. Lilikataa kuachia kola ya shati langu. Limefikaje kwenye kola sitaki kuandika. Mawili ya mwisho sikuyaelewa kabisa.

Bwana Kuriakose aliuliza ni la kazi gani. Nikasema kazi zote. Akasema koleo la kazi zote halijatengenezwa, nimwambie nakata nini, nashika nini. Sikutaka kumwambia. Nani ajuaye anaongea na nani. Nilitoka kichwa kinauma na kola imekunjamana.

Mpaka jana nilidhani koleo ni koleo.

Jumatatu, 13 Januari.

Nimepata siri. Aloysius, Mganda anayelinda jengo la jirani, anasema chuma kizuri ni chuma kizito. Pima tu, chukua zito kuliko yote. Amesema kwa uhakika sana. Jioni nikagundua hajawahi kumiliki koleo. Anaongelea vyuma vya mazoezi.

Lakini asubuhi sikuwa nimegundua. Nikachukua mizani ya jikoni, nikaificha ndani ya jaketi, nikaenda nayo dukani. Nilipoiweka mezani Bwana Kuriakose alisimama wima. Akaninywesha chai ya maziwa na kunionyesha leseni yake ya biashara. Nadhani alinichukulia kama mkaguzi. Sikumsahihisha. Chai ilikuwa nzuri.

Zito kuliko yote ni lile la mafundi bomba. Halikati hata kile kiwaya cha kufungia mfuko wa mkate. Nikachanganyikiwa upya. Halafu nikaona moja lenye mikono myekundu, limeandikwa 1000V. Nilipiga hesabu haraka: V ni vyuma. Linakata vyuma elfu moja! Nikamwuliza mwenye duka kwa mzunguko. Akasema hapana, ni umeme, mpira wake umepimwa kwa ajili ya mafundi umeme, uzio hauhitaji hivyo. Jibu refu mno. Mtu mkweli hujibu kwa ufupi.

Nyumbani Everlyn alikuwa ameitafuta mizani hadi akachoka, akapima unga wa keki kwa macho. Madam alisema hajawahi kula keki laini kama ile. Akala vipande viwili.

Jumatano, 15 Januari.

Siku kubwa. Nimemchimba adui.

Nilimpeleka Everlyn sokoni kununua samaki. Nikamfungulia mlango wa gari, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Akauliza kama naumwa. Tukaanza safari, nikasema kama mtu anayejisemea kwamba makoleo siku hizi yanachanganya.

Nilitegemea akae kimya, au adanganye. Badala yake akasema yote! Kumbe marehemu mumewe, Duncan, alikuwa fundi umeme, na yeye alibeba mkoba wake wa vifaa miaka sita, akimpa hiki, akipokea kile. Akasema kwanza utikise koleo: kiungo kisicheze, lakini lifunguke kwa mkono mmoja bila kung'ang'ania. Ulifunge, ulielekeze kwenye taa, uangalie makali ya kukatia. Yakutane sawasawa, mwanga usipite. Umwombe mwenye duka ukate kipande cha waya mgumu, kisha uyaguse makali kwa ukucha, kama yamebonyea liache hapo hapo. Mpira wa mikono uwe umeshika, usizunguke, na koleo likae vizuri kiganjani mwako wewe, si cha mwenye duka. Ununue moja zuri kuliko matano dhaifu. Usinunue sanduku, nunua chuma.

Akafungua mkoba akanionyesha lake. Mdomo mnene, rangi ya kijivu, halina urembo wowote. Ananuka mafuta ya mashine, namaanisha koleo. Alilipa sitini na tano. Chenji ameshamrudishia Madam.

Nikamwuliza anaitakia nini Hatta. Akasema magoti yake hayapendi tena ngazi za nyumba hii, na kwamba kwa miaka tisa hapa Dubai hajapanda hata mche mmoja wa managu, mboga ya kwao. "Nataka tu kaudongo kadogo, Elisante," akasema. "Nikiamka nione kitu changu kinaota."

Nililainika. Lakini mpaka kwenye taa za barabarani tu, kisha nikajirekebisha.

Maana nani anampa mpinzani wake siri zote bure? Hakuna. Everlyn si mjinga. Kwa hiyo aliyoyasema ni mtego, na anayekwepa mtego ni yule anayefanya kinyume chake. Kiungo kicheze. Mwanga upite. Mpira uzunguke. Matano badala ya moja. Na sanduku.

Nimelala kitandani nikicheka peke yangu. Pampu inanguruma. Nguruma tu, rafiki. Zimebaki siku tatu.

Alhamisi, 16 Januari.

Nimenunua!

Bwana Kuriakose hakuwa na nilichotaka. Nilipomweleza sifa zake alivua miwani. Nikaenda kwa mtu anayeuza vitu mchanganyiko, na hapo hapo nikayaona: makoleo matano ndani ya sanduku lenye kitambaa chekundu laini, kama la mkufu. Madam alisema koleo. Hakusema moja tu.

Nimeyapima yote kwa kipimo cha Everlyn, kinyume. Viungo vinacheza kama kiuno cha bibi harusi. Kwenye makali mwanga unapita vizuri, niliona taa nzima ya duka na nusu ya muuzaji. Mipira inachomoka ukiivuta. Nadhani ni kwa ajili ya kuifua.

Shemeji ameandika. Kanisani walinitangaza Jumapili, wakanipigia makofi. Anaomba picha yangu na mbuzi.

Jumamosi, 18 Januari. Hatta, kisha Rashidiya.

Naandika usiku, tumesharudi.

Tulifika saa nne asubuhi. Hewa ya baridi, milima ya kahawia, ukimya. Niliona chumba. Kina dirisha. Nikasimama mlangoni nikachagua kitanda kitakaa upande gani.

Madam aliweka kiti chini ya mtende na chupa yake ya kahawa. Akatuonyesha mahali pawili ambapo uzio umeachia, kila mmoja pake. Kata waya, kunja, kaza. Basi.

Everlyn alikata vipande vitatu kama anakata sukuma wiki. Akavikunja, akavikaza, akautikisa uzio, akaenda kunawa mikono.

Mimi nikafungua sanduku. Madam alisifu kitambaa. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata leo.

Koleo la kwanza lilibana waya, likaupinda, likabaki na shimo kwenye makali. La pili mpira ulinibaki mkononi, lenyewe likaruka. La tatu lilifunguka likakataa kufunga. La nne lilifunga likakataa kufunguka. La tano sijui lilifanya nini, maana nilikuwa nimefumba macho. Niliyafumbua nikakuta pini mchangani.

Madam alikuwa anamimina kahawa, hakuona vizuri. Nikapata wazo. Nikausokota waya kwa vidole, nikauchomeka chini ya mwenzake, nikaufunika kwa kuti. Kwa mbali ulipendeza. Nikasema tayari.

Madam akasema haya, wafungulieni mbuzi.

Mbuzi kumi na wanne walikwenda moja kwa moja kwenye kuti langu. Wakalila kuti. Kisha wakapita. Walipita mmoja mmoja, kwa adabu, kama wasafiri wanaoonyesha pasipoti, wakaingia shamba la jirani lenye jirjir changa, ile mboga ya Waarabu. Nilikimbia. Nilianguka mara mbili. Nikawakamata tisa. Wanne Everlyn aliwaita kwa mkate, wakaja wenyewe. Wa mwisho aliletwa na jirani ndani ya pikapu, na jirani alisema maneno mengi ya Kiarabu ambayo sikuyajua ila niliyaelewa.

Madam hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Aliutazama uzio wangu, akalitazama sanduku, akakitazama kidole chake ambacho bado ni cheusi. "Elisante, mwanangu," akasema, "wewe endesha gari. Gari unaliweza."

Everlyn anabaki Hatta.

Alinisaidia kukusanya vipande. Alikuwa hacheki. Akaniuliza polepole, "Si nilikuambia kila kitu Jumatano?"

"Uliniambia."

"Sasa?"

"Sikukuamini."

Akaninyooshea mandazi mawili kwenye karatasi, ya njiani. Akaingia ndani, na kupitia lile dirisha nikamwona anasukuma kitanda upande tofauti kabisa na ule niliouchagua.

Njia nzima Madam alisinzia. Kiti cha Everlyn kilikuwa kitupu. Sikutegemea kitanishughulisha. Shemeji nimemwambia mbuzi wana haya, hawapigwi picha.

Jumatano, 22 Januari.

Nimetafakari siku nne, na sasa nimeelewa kilichotokea. Everlyn alisema ukweli. Lakini aliusema akijua sitauamini! Huo ndio ulikuwa mtego. Nilitazama upande mmoja, akapita upande wa pili. Namvulia kofia. Hatanipata tena.

Na bahati imekuja upesi. Upepo wa jana umegeuza dishi la televisheni juu ya paa na Madam hapati taarifa ya habari. Amenituma nikanunue ngazi ya kukunja, nipande mwenyewe nilirudishe dishi mahali pake. Nikifanya vizuri, amesema, ataniachia na bustani ya mbele.

Everlyn alipiga simu mchana kunielekeza unga wa Madam upo wapi. Anasema mbegu za managu ameshazisia. Nikamtajia ngazi, makusudi, nione atasema nini. Akasema niifungue pale pale dukani juu ya sakafu iliyo sawa, nikanyage kidato cha kwanza, na ikicheza hata kidogo niiache. Akasema, tafadhali Elisante, safari hii nisikie.

Tafadhali! Nimelipima neno hilo mchana kutwa. Mara ile alisema kweli akijua nitaigeuza. Sasa anajua kwamba najua. Anategemea nitamwamini. Kwa hiyo safari hii anadanganya. Hesabu ni rahisi ukituliza akili.

Bwana Kuriakose ana ngazi mbili. Moja imesimama kama ukuta. Nyingine inacheza. Nimemwambia aniwekee inayocheza.