Mchanganya Rangi Ajichanganya

Jumatatu, 6 Mei

Habari kubwa kiwandani! Ijumaa wanakuja wageni kutoka nje kuona rangi zetu. Kiswahili hawajui hata cha kuombea maji. Meneja ametangaza kwamba atakayewapokea vizuri kwa Kiingereza atakuwa mpokea wageni wa kampuni. Meza! Kiti kinachozunguka! Kucha safi!

Ameletwa mwalimu wa Kiingereza, mama mmoja mpole. Atafundisha kila siku saa nne kwenye ukumbi wa mikutano. Ila darasa ni la watu wa ofisini tu. Sisi wachanganya rangi tubaki na mapipa yetu.

Tai alifurahi sana. Huyu ni karani wa mauzo, na hatumwiti Tai kwa sababu ya ndege. Anavaa tai hata siku ya kupakua magunia. Akaniambia Kiingereza kina wenyewe. Nikamwambia tutaonana Ijumaa.

Jioni mama watoto akaninong'oneza kwamba shuleni waliulizwa kazi za baba zao. Binti yetu akajibu kwamba wake yuko ofisini. Nilikwangua kijani kwenye kucha. Hakikutoka.

Mtoto wangu hataitwa mwongo. Nitaingia ofisini, hata kwa kupitia dirishani.

Jumanne, 7 Mei

Nimeingia darasani na ngazi begani, eti fundi wa taa. Hakuna aliyeniuliza! Nikapanda, nikawa nakaza na kulegeza balbu ile ile huku masikio yako chini.

Wiki hii wanasoma misemo ya Kiingereza ya kujichanganya na watu na ya kupita bila kuonekana. Nilidhani mwalimu ananisema mimi. Wa kwanza ni "blend in". Tai akauliza kama una undugu na blenda ya juisi. Mwalimu akasema ndiyo, ni ukoo mmoja: unachanganyika na waliopo mpaka usitofautishwe nao.

Lakini hiyo ndiyo kazi yangu! Miaka yote hii nimekuwa nikifanya Kiingereza kwenye pipa bila kujua.

Hapo balbu ikazimika. Wote wakatazama juu. Nikashuka.

Jumatano, 8 Mei

Ngazi imefungiwa stoo. Sikukata tamaa. Nimechanganya rangi ya ukuta wa ukumbi: nyeupe, manjano kidogo, chembe ya kijivu. Sawasawa kabisa! Nikapaka koti langu la kazi, nikalivaa, nikajibanza kati ya kabati na ukuta kabla darasa halijaanza.

Msemo wa leo: "fly on the wall", yaani inzi ukutani, anayesikia yote wala hakuna anayemjali. Nikajisikia nimesifiwa. Mwalimu akatazama upande wangu. Nikajikausha.

Koti ndilo halikukauka. Darasa lilipoisha, mimi nilitoka, lenyewe likagoma. Limebaki ukutani bila msumari. Tai, ambaye hashangai kitu, alitundika mwavuli wake kwenye mfuko wa koti hilo.

Jumamosi wengine wakilala mimi nitakuwa na cheo. Hili ni jambo dogo.

Alhamisi, 9 Mei

Nimebandua koti. Limekuja na kipande cha ukuta.

Leo nimesikiliza nje, chini ya dirisha, nimesimama juu ya kopo. Mwalimu akasema msemo wa kuwa karibu na wakubwa ni "rub shoulders". Najua "rub" ni kusugua. Najua "shoulders" ni mabega. Akaanza kusema, "Lakini angalieni..." na kopo likapinduka. Sikusikia tuangalie nini.

Nikamweleza mama watoto. Akaweka sufuria chini.

"Baba watoto, usugue mabega ya mtu usiyemjua? Si umuulize mwalimu?"

Kumuuliza! Ajue kwamba nilikuwepo? Nikamjibu kwamba kila watu na desturi zao.

Ijumaa, 10 Mei, asubuhi

Mabega ya koti yamechunika. Nimeyapaka upya kabla ya chai. Rangi ya mafuta inataka siku nzima kukauka, nawaambia wateja kila siku. Lakini wateja hawana haraka kama yangu.

Binti alinitazama, akaomba brashi, akamalizia bega la kushoto. Akasema hajamwona baba wa mtu mwingine anayeweza kutengeneza rangi ya ukuta kwa macho tu. Nikamwambia asijali, muda si mrefu hatalazimika kusema mambo kama hayo.

Ijumaa, jioni

Wageni walishuka getini. Tai akatangulia, jasho linamtiririka. Akawaambia "Sit down". Hapakuwa na viti. Nikaona mlango wangu umefunguka.

Nikamwendea kiongozi wao, mama mrefu mwenye suti nyeusi. "Good morning!" Nikamsugua bega la kulia kwa bega langu, kisha la kushoto.

Alikakamaa. Halafu akatabasamu, akanisugua na yeye! Akawageukia wenzake, akawaambia kitu, nao wakapanga foleni. Kumbe na wao wanajua adabu za ugenini. Waliponimaliza wakasuguana na Tai, kisha na Meneja. Uwanja mzima mabega rangi moja.

Ndipo yule mama akaona suti yake. Meneja akanitazama kwa macho ya rangi ambayo sijawahi kuichanganya. Nikanyata pole pole hadi ukumbini, kati ya kabati na ukuta.

Wakaingia humo humo! Yule mama akawa anakwangua bega lake na kuuliza kwa sauti kubwa, "Where is he?" Hicho nilikielewa. Ananitafuta. Nikabana pumzi. Akauliza tena. Tai akakohoa, akanyoosha tai yake, akasema "Me".

Maskini Tai, nikawaza. Amejitoa mhanga.

Jumamosi, 11 Mei

Meneja ameniita. Kumbe yule mama alikuwa anacheka. Alitaka kumpongeza mtu aliyebuni njia ile ya kuonyesha rangi isiyobanduka, na wameagiza mapipa ya kujaza ghala. Tai ndiye mpokea wageni. Kiti kinazunguka tangu asubuhi.

"Wewe ulikuwa wapi?" Meneja akaniuliza.

Nikasema nilikuwa pale pale, hatua moja kutoka kwake. Hakuamini.

Mama watoto anasema ningetoka tu nikasema ni mimi. Mwepesi wa kusema! Hajasoma misemo.

Mwalimu anarudi Jumatatu kufundisha Kifaransa. Safari hii Meneja amebandika tangazo: wote tunakaribishwa, wachanganya rangi tukae mbele, hata chai ipo. Nimelisoma mara mbili. Mtego mtupu.

Nimekwishapima sakafu ya ukumbi. Ni kahawia, na nyekundu kidogo.