Nyonga ya Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Nina ugonjwa wa maana.

Nilidhani ni uchovu tu wa kunyoa watu nimesimama tangu ujana. Sivyo! Daktari wa mifupa, mama mfupi asiyecheka ovyo, kanionyesha picha ya MRI, kile kipimo cha sumaku. Kichwa cha mfupa wa paja, pale kinapoingia kwenye nyonga, kinakufa kwa kukosa damu. Bado hakijabonyea. Kikibonyea, nitawekewa nyonga ya chuma kama shemeji.

Shemeji! Kaka wa mke wangu. Tangu awekewe nyonga yake tunamwita Chuma, na jina limempanda kichwani. Kufanana naye? Heri nitambae.

Bahati nzuri ipo njia nyingine. Daktari anafanya utafiti. Wanavuta uboho kutoka mfupa wa kiuno cha mgonjwa mwenyewe, wanachuja seli mama, zile zenye uwezo wa kuzaa seli nyingine, kisha wanazidunga pale panapokufa. Huenda mfupa ukafufuka. Huenda usifufuke. Akaongeza habari za usaha, kuvuja damu, hatari za seli za kuazima kwa mtu mwingine, na mambo ya miaka ijayo ambayo bado hakuna ajuaye. Maneno makubwa makubwa nimeyashika yote. Maana zake sikujisumbua nazo.

Akauliza kama kuna dawa ninayotumia. Nikasema hakuna. Sikudanganya. Vile vidonge vyangu vyeupe vya kuzuia kifua kubana nimekuwa nikijinunulia dukani miaka na miaka. Kitu ulichokizoea hivyo si dawa tena, ni kama chumvi. Na mgonjwa aliyenitangulia kwenye foleni aliambiwa asubiri kwa sababu ya vidonge hivyohivyo. Mimi si wa kusubiri.

Jumatano, 5 Machi

Chuma kaja kututembelea. Kapanda ngazi zetu mbilimbili makusudi. Kajigonga nyonga kwa kijiko mbele ya mke wangu, eti tusikie inavyolia. Haikulia. Mke wangu akasema kasikia. Ndugu ni ndugu.

Nikamwambia yangu itakuwa hai, si bati. Akauliza je, ikichipua? Wakacheka wote wawili. Nikanyamaza kama mtu mwenye siri.

Siri ninayo! Nimeacha vile vidonge vyote kwa mpigo. Ijumaa nitapimwa damu, na damu itakuwa safi kama maji ya mvua. Nani atajua?

Mwili umelegea kidogo leo. Kizunguzungu cha hapa na pale. Nimemkata mwalimu mkuu sharubu upande mmoja. Nikamshauri aondoe na wa pili, atapungua umri. Kaondoka bila sharubu wala kwaheri.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeanguka hospitalini. Kwa heshima lakini, juu ya benchi.

Muuguzi akanipima presha, akanitazama uso, akauliza natumia vidonge gani. Nikasema situmii kitu. Akasema uso wangu umevimba mviringo kama sahani, na ngozi ya mikono imekuwa nyembamba kama karatasi, kwa hiyo nirudie jibu. Uso wangu! Mke wangu aliniambia nimenawiri.

Daktari akaja. Sijawahi kugombezwa kwa sauti ya chini namna ile. Kasema huenda vidonge hivyo ndivyo vilivyoua mfupa wenyewe. Na kuviacha ghafla kungeweza kuniua mimi mzima, kwa sababu mwili ukishazoea kuletewa husahau kujitengenezea. Nivirudie leoleo, nivipunguze taratibu kwa usimamizi wake, na kifua atakitazama daktari wa kifua.

Nikauliza, na utafiti je? Kasema majibu ya damu kwanza. Pia seli za mtu aliyetumia vidonge hivi muda mrefu huwa chache na dhaifu, kwa hiyo nisijipe matumaini makubwa kuliko mfupa.

Seli zangu dhaifu! Mtu kasimama kutwa nzima kwa miaka yote hii!

Jioni mke wangu kanipikia uji, kakaa pembeni mpaka nikamaliza bakuli. Kisha akalichukua akaenda kuliosha. Ningependa anigombeze.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Saluni kwangu leo kaingia bwana wa suti na viatu vyeupe. Nilipokuwa namchonga ndevu kaniona nachechemea, akauliza. Kumbe ni mtaalamu wa seli! Watu humwita Profesa. Kasema hata yeye hakumbuki nani alianza.

Seli zake hazitoki kwenye kiuno cha mzee kama mimi. Zinatoka kwenye vitovu vya watoto wachanga. Changa, kali, hazijui uchovu! Zinaponya mifupa, macho, usahaulifu na ndoa. Hakuna vipimo, hakuna maswali. Kliniki yake iko ghorofani, juu ya duka la matairi.

Nikimletea mgonjwa mmoja, sindano yangu itakuwa ya bure.

Nilimpata huyo mgonjwa kabla sijamaliza kidevu. Chuma! Nyonga yake nzima, lakini goti la mguu wa pili linamsumbua na anaficha. Nimeliona Jumatano alipokuwa anateremka ngazi.

Nikaenda kwake jioni. Sikumwomba. Nilimwambia tu kwamba kuna tiba ya watu wateule, na yeye, mtu wa vyuma, asingeiweza. Akanisihi mpaka nikamwonea huruma. Hii ndiyo inaitwa akili.

Jumatatu, 10 Machi

Ushindi! Ingawa si ule niliopanga.

Tulikwenda watatu. Mke wangu hakualikwa. Alivaa viatu akatangulia mlangoni.

Chumba kimoja, kitanda kimoja, harufu ya mpira kutoka chini. Seli zilikuwa kwenye friji ya kioo, pamoja na soda na chakula cha mchana cha mtu. Profesa akamlaza Chuma, akampandisha suruali mpaka juu ya goti, akavuta dawa kutoka kwenye kichupa kidogo.

Mke wangu akauliza, “Hicho kitovu cha mtoto wa nani?”

“Cha mama mwenye afya njema, dada yangu.”

“Nani alimpima?”

“Sisi tuna utaratibu wetu.”

“Mbona kichupa hakina hata maandishi?”

Nikaona aibu. Mtaalamu anahojiwa kama muuza nyanya! Nikaingilia kati ili Profesa ajue kwamba si familia nzima isiyo na elimu. Nikamwambia, kama msomi kwa msomi, kwamba bila shaka anafahamu hatari za seli za mtu mwingine. Zinaweza kuja na maradhi ya mwenyewe. Mwili unaweza kuzikataa. Zisipotunzwa vizuri huoza, zikaingiza usaha ndani ya kiungo. Na zile zilizokuzwa kienyeji zinaweza kuota mahali zisipoitwa, zikafanya uvimbe, hata saratani. Nilieleza kwa ufasaha mkubwa. Sikujua kama ninayajua yote hayo.

Nilipogeuka, kitanda kilikuwa kitupu. Chuma alishafika kwenye ngazi. Na goti lake!

Profesa akanigeukia mimi. Zamu yangu. Nikalala. Ndiyo, nililala! Ahadi ni ahadi, na sindano ilikuwa imeshajaa, kuimwaga si uungwana. Mke wangu akaweka kiganja chake juu ya nyonga yangu, pale pale penye kuuma, akakiacha hapo.

“Baba Mapacha,” akasema, “nyonga ni yako, lakini ikioza nitakayekugeuza kitandani ni mimi. Na mimi mgongo wangu hauwezi.”

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba. Mke wangu si mtu wa kuomba.

Nikaamka, nikafunga mkanda, nikamwambia Profesa kwamba nimeitwa nyumbani.

Njiani nikawaeleza kwamba nilikuwa namchunguza yule tapeli tangu mwanzo. Chuma akasema ni kweli, maswali yangu yalikuwa makali. Kumbe ana akili yule bwana. Mke wangu akatutazama wote wawili, akaongeza mwendo.

Jumatano, 12 Machi

Nimempelekea Daktari taarifa ya upelelezi wangu. Nilitarajia shukrani. Alivua miwani, akaifuta. Kisha akasema ningedungwa kile kitu asingeweza kunipokea kwenye utafiti kamwe, na pengine angenipokea kwenye wadi. Akaniandikia namba ya wakaguzi wa kliniki, nipige leo. Nimepiga. Nimejitambulisha kama mshirika wa hospitali.

Majibu ya damu yako sawa kiasi. Nimekubaliwa!

Lakini kwanza kanikalisha na mke wangu, akaeleza upya kila kitu, polepole, akituuliza baada ya kila jambo tumeelewa nini. Kwamba uboho ni wangu mwenyewe, kwa hiyo mwili hautaukataa, ila mahali pa kuvutia pataniuma. Kwamba watatoboa mfupa kupunguza shinikizo, na baada ya hapo unaweza kuvunjika nikiukanyaga mapema. Kwamba kwa wengine maumivu yalipungua, kwa wengine mfupa ulibonyea vilevile wakaishia kwenye chuma. Kwamba naweza kujitoa siku yoyote na hataninunia.

Nikamwomba uhakika kidogo tu, wa kumwonyesha Chuma.

Akasema, “Mzee wangu, siku nitakayokupa uhakika, nikimbie kama shemeji yako alivyomkimbia yule.”

Nadhani alicheka. Kwa jicho moja.

Jumanne, 25 Machi

Imefanyika!

Walinichoma ganzi ya mgongo, miguu ikaniaga. Uboho unapovutwa husikii maumivu, unasikia kama mtu anamalizia juisi yako kwa mrija. Nikaomba kuuona. Mwekundu mzito, na viputo vya mafuta juu. Wakauzungusha kwenye mashine, ukarudi kidogo mno, kiasi cha vijiko tu. Nikauliza kama hiyo ndiyo yote niliyo nayo. Daktari akasema tutaona.

Sasa kiuno kinauma kuliko nyonga. Magongo mpaka atakapopiga picha nyingine. Mguu usiguse chini. Kasema mara tatu, mara ya tatu akimtazama mke wangu.

Baadaye nilisinzia, na Chuma alikuwa hapo nilipoamka. Mke wangu alikwenda kuoga, yeye akabaki. Alinishikilia kile chombo cha mkojo bila mzaha wowote. Nikangoja mzaha. Haukuja. Akaniambia alipowekewa nyonga alilia, siku ya pili, alipoukuta mguu kama wa mtu mwingine. Mpaka leo akiamka asubuhi huugusa kwanza, ndipo anaukubali.

Nikamwambia nyonga yake ni nzuri. Akasema na yangu itakuwa nzuri. Tukakaa. Nje kulikuwa na mtu anafagia. Sijui kwa nini nilifurahi hivyo.

Jumapili, 30 Machi

Nyumbani. Jua dirishani, mto chini ya mguu, mke wangu anaimba jikoni. Chuma yuko saluni kwangu, anapokea wateja na kuwaambia nitarudi. Kwa kweli sina la kulalamikia.

Na nimepata wazo.

Nilimuuliza muuguzi kile kilichobaki kwenye mashine, baada ya seli kuchujwa, kinakwenda wapi. Kasema kinachomwa. Kinachomwa! Nusu nzima ya uboho wa kinyozi! Nikafikiri: kama seli mama zinafufua mfupa, mfupa mgumu vile, nywele ni nini? Nywele ni kitu laini. Na mji huu umejaa wenye vipara, wanaokuja kwangu kunyolewa pembeni tu na kutazama kioo kwa huzuni.

Daktari hahitaji kuambiwa. Nitamwomba muuguzi mabaki ya wagonjwa wanaofuata, nimwambie ni kwa ajili ya maua.

Mwalimu mkuu ameshakubali kuwa wa kwanza. Nimemwahidi na sharubu, kwa uhakika kabisa. Kaniuliza kama kuna hatari yoyote, nikamwambia hakuna hata moja, maana kitu chenyewe ni kipya, hakijapata muda wa kuwa na hatari.

Ngoja niandike bango kabla mke wangu hajatoka jikoni. Kalamu nene iko juu ya kabati. Magongo yako mbali, upande wa mlango. Ni hatua mbili tu, na mguu naona umeshapona.