Chanjo ya Migomba ya Mama Mukwe

Jumanne, tarehe 2 Septemba
Kibati, mkutano wa wakulima. Mama Deborah, agronome, mtaalamu wa kilimo, ametueleza kirabiranya, ugonjwa unaokausha migomba. Unaletwa na bakteria. Bakteria wana jeni. Kumbe baadhi ya jeni hizo hutengeneza kitu ambacho mmea ukikitambua hushtuka, huua seli zake pale ugonjwa ulipoingilia, na ugonjwa hauendi mbali. Yaani adui mwenyewe ndiye anayeuamsha mmea! Kisha akasema "lakini". Nikatoka. Nilikuwa nimeshaelewa. Shemeji Fortunat, ndugu ya mke wangu, alibaki hadi mwisho. Masikini, ana kichwa kizito.

Jumamosi, tarehe 6 Septemba
Nimekata mgomba mgonjwa wa jirani. Ukatoa usaha wa manjano. Nikaukamua, nikachanganya na maji ndani ya chupa, nikachukua sindano ya ng'ombe. Nimechanja shamba lote la mama mukwe! Aliporudi kutoka kambi ya wakimbizi wa vita hakukuta nyumba wala mbuzi, migomba tu. Anakamua kasiksi, pombe ya ndizi, anauza, anakula. Nikamwambia dawa inatoka kwa agronome. Akanibariki. Shambani kwake mwenyewe, Fortunat anapitisha panga motoni kabla ya kugusa kila mgomba. Nimecheka mbavu zikauma.

Jumapili, tarehe 28 Septemba
Majani yamegeuka manjano. Safi! Mtoto akichanjwa si hupata homa? Nimemwambia mama mukwe asiogope.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba
Ole wangu. Ndizi zimeiva zikiwa changa, ndani zimeoza. Mama Deborah alifika, akauliza nani amefanya hivi. Wote wakanitazama. Akasema migomba yetu haijui kumtambua huyo bakteria, watafiti bado wanahangaika na jambo hilo. Ndiyo ilikuwa ile "lakini". Nimedunga ugonjwa wenyewe, mgomba kwa mgomba.

Tumeng'oa yote, tukafukia. Mama mukwe alikaa juu ya jiwe, hakulia. Halafu akasema, polepole:

"Mutoto yangu, vita ilipita hapa, migomba ikabakia. Weye ukakuya na sindano."

Nilitamani ardhi inimeze. Umwiza, mke wangu, hakuniwekea chakula.

Jumapili, tarehe 19 Oktoba
Fortunat ametoka Rutshuru kwa moto, pikipiki yaani, na machipukizi safi ya migomba, aliyoyaomba kwa wakulima wa huko. Kesho yanapandwa kwenye kipande kipya alichomtafutia mama mukwe. Mama hana mbegu nyingine. Mvua ilimkatiza njia, akayaacha kwetu hapa Mapendo, mikononi mwa Umwiza. Umwiza amekwenda kwaya. Niko nayo peke yangu barazani.

Nimeyatazama sana. Madogo, laini, yanatia huruma. Ghafla kosa langu nimeliona, nikajipiga kofi kwenye paji la uso: nilichanja wazee! Nani anachanja wazee? Chanjo ni ya watoto.

Chupa bado ina kidogo. Sindano nimeichemsha vizuri, maana usafi ni lazima.