Teke la Mguu Uliokufa Ganzi

Leo nimeaibika, tena mbele ya wakwe. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaletewa na watu, maana hapa Ngamiani habari hailali njiani.

Mnajua nimeposa kwa Mzee Mbwana. Mwanakombo si bintiye wa kumzaa, ni wa marehemu nduguye, lakini yeye ndiye ami na ndiye walii, na jibu liko mkononi mwake. Mnajua pia kilichomchelewesha. Baba yangu alipooza upande mmoja mwaka vita vya Mjerumani vilipokwisha, akalala kitandani mpaka akafa. Mzee Mbwana kasikia kwamba ugonjwa ule ni wa ukoo. Akanialika leo maulidini kwake, baada ya alasiri, anitazame. Hakusema hivyo, lakini mtu hawekwi mstari wa mbele bure.

Basi nikakaa. Kanzu imepigwa pasi, mgongo wima, mguu wa kulia nimeukalia. Wenzangu wanajigeuza, huyu mguu huu, yule mguu ule. Mimi sitikisiki! Nikajiambia, leo ataona mtu aliyelelewa. (Mimi dresa wa hospitali, mfunga vidonda, ninayewakataza wagonjwa kila siku wasilalie mkono.) Mguu ukaanza kuwasha, nikaunyamazia. Kisha ukaacha kuwasha, nikafurahi.

Tukafika mahali pa kusimama, anapotajwa Mtume kuzaliwa. Watu wote wakainuka. Nami nikainuka, ila mguu wa kulia haukuja. Kisigino sikisikii, unyayo sijui uko wapi. Nikashika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa joho la Mzee Mbwana. Tukashuka pamoja. Nyumba nzima imesimama inamsalia Mtume, tuliokaa ni mimi na ami wa mchumba wangu, ananitazama.

Nitasema kweli, kwa kitambo kile sikuona haya. Niliogopa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namtekenya baba unyayo wa mguu ule mbovu ili acheke, naye hacheki, ananiuliza nimeanza au bado. Elimu yote ya hospitali ikanitoka, nikawaza, nami imenifikia. Halafu zikaja sindano, vidoleni kwanza, zikapanda mpaka gotini. Zilivyochoma! Nikamshukuru Mungu kwa kila moja.

Maulidi yakaisha, pilau ikaliwa, tukatoka barazani. Mzee Mbwana akasema, mbele ya wazee wawili na mamake, Bi Mashavu, kwamba damu haifichiki. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Nikaanza kusomesha. Nikawaeleza kuwa mwilini mna mishipa ya fahamu. Mingine hupeleka habari kutoka kwenye ngozi, mingine huleta amri kwenye misuli, na ukiukalia mguu saa nzima njia inabanwa, habari haziendi wala amri haziji. Ukiondoka, inafunguka. Ugonjwa wa baba ulikuwa kichwani, mshipa wa damu, haukuanzia mguuni.

"Hayo maneno," akasema Mzee Mbwana. "Mimi nataka kuona."

Nikasema nitamwonyesha. Nikakaa ukingoni mwa baraza, miguu ikaning'inia. Hospitalini tuna kinyundo cha mpira. Pale nikamwomba Bi Mashavu mwiko. Nikawaambia kwamba nitagonga kano ya mguu ule ule, chini ya pia ya goti, habari itakwenda mpaka uti wa mgongo na amri itarudi hapo hapo, bila kungoja ubongo. Mguu utaruka wenyewe. Mzee Mbwana hakutaka kudanganywa. Akachuchumaa mbele yangu, aone kwa karibu kama ninaurusha kwa makusudi.

(Nilimwona. Nilijua mguu unaelekea wapi. Lakini mwiko ulikuwa umeshashuka.)

Teke likampata kidevuni. Kofia ikaanguka, na yeye akakaa chini, mara ya pili leo.

"Si mimi, mzee," nikasema. "Ni uti wa mgongo."

Nyuma ya pazia la mlango mtu akacheka, kicheko cha kike, kikakatika kama aliyezibwa mdomo. Mwanakombo huyo. Sijapata kusikia sauti yake mpaka leo, na nikatamani ardhi inimeze. Bi Mashavu naye akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Mzee Mbwana akashika taya, akaifungua, akaifunga. Nikajua posa yangu imekwenda na maji. Nikaanza kutafuta viatu.

"Kaa," akaniambia. Nikakaa, miguu nimeikusanya huku nimeishika kwa mikono yote miwili. Akaokota kofia, akaipangusa, akaivaa. Akawageukia wale wazee wawili.

"Mguu ni mzima, mmeuona. Sina neno tena, nimeridhika," akasema. "Siku ya nikahi mkono nitampa. Ila nitakaa ubavuni mwake. Mbele yake hapana."

Basi nimekubaliwa, jamani. Chekeni leo mmalize, kwa maana siku hiyo sitaki kusikia mtu.