Bei ya Pasi kwenye Friji

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata mbinu! Baba mkwe atafute mtu mwingine wa kumpimia misumari. Mke wangu amenipa hadi mwisho wa mwezi: tovuti yangu iingize kitu, au nikafanye kazi dukani kwa baba yake. Koti la kazi nimeshaonyeshwa. La bluu, mikono mifupi.

Kazi yangu haiwaingii wakwe. Nimeeleza mpaka nimechoka: kuna duka kubwa la mtandaoni, mimi ni mshirika wao. Nasifia bidhaa zao kwenye tovuti yangu, msomaji anabofya, ananunua kwao, napata kamisheni. Baba mkwe akauliza kama huo si udalali. Nikasema ni udalali usio na jua. Akasema, kumbe udalali wa kukaa.

Shida ni bei. Duka linazibadilisha kila kukicha, nami nazifukuzia kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Nikifika kwenye vikaango, masufuria yameshapanda. Halafu kuna shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mwenye tovuti ya kazi hiyohiyo. Bei zake sahihi muda wote, na bado anapata nafasi ya kusuka nywele! Leo nimeichungulia tovuti yake mpaka chai ikapoa. Kila bidhaa imekaa kwenye kisanduku chake: picha, jina, bei kwa herufi nene, kitufe cha kijani. Safi kabisa. Wivu umenishika mpaka kwenye meno. Kesho nakwenda kuiba.

Jumanne, 4 Machi

Nilikwenda na mpango kamili. Niombe maji, shemeji aende jikoni, nipige picha kompyuta yake kwa simu. Nikaomba maji. Maji yalikuwa mezani. Nikaomba ya baridi. Akaniuliza, shemeji, unataka nini hasa. Nikajiumauma, nikakiri kwamba visanduku vyake vimenikosesha raha. Akacheka, akanitumia kiolezo chake chote cha kupangia visanduku, palepale, bure. Akasema hicho kimoja kinatosha kurasa zote. Alianza kueleza jambo kuhusu bei, lakini nilikuwa nimeshavaa viatu.

Ana roho nzuri yule. Imeniudhi kidogo, maana nilikuwa nimejiandaa kwa wizi.

Nimekifungua nyumbani. Kazi ya kupendeza! Unapanga kisanduku mara moja, kurasa zote zinafuata. Ila kuna kosa. Mahali pa bei hapana bei. Pana mabano yaliyojipinda, na ndani yake neno "bei", basi. Picha na jina navyo vimo kwenye mabano, hayo nikayaona mapambo. Lakini bei ni bei! Mteja atalipa vipi neno? Maskini shemeji, amesahau kujaza. Sikumwambia, nisije nikamwaibisha. Nikafuta mabano, nikaandika bei ya pasi, maana ukurasa wa pasi ndio uliokuwa wazi mbele yangu: elfu ishirini na tano. Imekaa vizuri mno.

Jumatano, 5 Machi

Wasomaji wamefurika! Wanabofya friji kana kwamba linagawiwa. Nimesimama mbele ya kioo, nikajiita mkurugenzi.

Mama mkwe amenipigia simu mwenyewe. Huwa ananisalimia kupitia kwa mke wangu. Leo kaniita mwanangu! Anataka friji la milango miwili kupitia kwangu, na wenzake wa kikundi wanataka pia. Amesema bei yangu imemfurahisha sana. Mama mwenye jicho la biashara, nimesema siku zote.

Mke wangu akauliza hilo friji linauzwaje. Nikamwambia mkurugenzi hashughuliki na friji mojamoja.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mama mkwe alipofika kwenye kulipa, duka likamwambia laki nane. Mbele ya kikundi kizima, simu ikiwa mkononi, miwani puani.

Nikaifungua tovuti. Friji, elfu ishirini na tano. Cherehani, elfu ishirini na tano. Kijiko cha chai, elfu ishirini na tano.

Nikachukua hatua mara moja. Nikafuta bei ya pasi kwenye kiolezo, nikaandika ya friji. Friji likawa sawa. Kijiko, laki nane! Nikarudisha. Nikatafuta bei ya katikati isiyomuumiza mtu. Haipo.

Mchana ikaja barua pepe ya duka. Wateja wanalalamika kwamba nawadanganya. Nisiporekebisha hadi kesho jioni, ushirika wangu unafutwa. Mke wangu aliisoma akiwa nyuma yangu. Hakugomba. Alikwenda kulipiga pasi lile koti la bluu. Nimeogopa kwelikweli. Afadhali angegomba.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji amekuja, ametumwa na mama mkwe. Nilifikiria kujifanya naumwa, lakini alishaniona dirishani nikila.

Akafungua kiolezo, akauliza mabano yako wapi. Nikamwambia kwa upole kwamba alisahau kujaza, nami nikamsaidia. Akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakamtikisika kwa muda mrefu. Kisha akanieleza bila kunidharau hata kidogo. Pale pameachwa wazi makusudi. Msomaji akifungua ukurasa, kiolezo kinaangalia ni bidhaa gani, kinakwenda kuuliza bei dukani, kinarudi nayo. Ukiandika bei kwa mkono, umeufunga mlango wake.

Akarudisha mabano. Friji, laki nane. Cherehani, bei ya cherehani. Kijiko, bei ya kijiko! Akaongeza mstari mdogo chini, unaosema bei iliulizwa lini, ili mteja asishangae ikibadilika. Tukiwa bado tunatazama, duka likashusha bei ya pasi, na kwangu ikashuka. Hakuna aliyegusa kitu! Nikapiga makofi peke yangu. Machozi yalinilengalenga, siyaonei haya. Mtu kukaa akawaza kwamba mahali muhimu kuliko pote ndipo pa kuacha wazi, jamani, kuna watu wana akili. Na shemeji yangu ni mmoja wao. Nimemwambia usoni, na wivu wote niliokuwa nao nimeumeza.

Nikampigia mama mkwe kumwomba radhi. Akasema yameisha. Friji amelisamehe, ila pasi ameinunua, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichokisemea kweli. Mwanamke wa aina yake!

Duka limejibu jioni. Nimebaki mshirika, kwa onyo la mwisho. Wakipata lalamiko moja tu jingine, basi. Mke wangu alinikumbatia kidogo, kwa mkono mmoja.

Jumapili, 9 Machi

Nimetulia, nimetafakari. Somo limeniingia: bei haiguswi. Naapa siigusi tena maisha yangu yote.

Leo nikawa nakipitia kiolezo kwa kukistaajabia tu. Nikashuka chini ya bei. Nikakuta mabano mengine. Ndani yake: "maoni ya mnunuzi". Na maoni hamna! Huyu shemeji ana kipaji, ila kwa kusahau hajambo. Nimeona nimlipe wema wake kimyakimya. Nikafuta mabano, nikaandika maoni ya mwanasesere yaliyotoka moyoni, kwa kuwa ukurasa wake ndio uliokuwa wazi: "Watoto wetu wanaipenda mno. Wanalala nayo kitandani, na mdogo anaitia mdomoni."

Mambo yamekwenda mbio kuliko nilivyotarajia. Watu wanatumiana kurasa zangu wenyewe kwa wenyewe, hasa ule wa mtego wa panya na ule wa msumeno wa umeme. Duka limeniandikia barua pepe Jumapili, siku ya mapumziko! Shemeji naye anapiga simu, anakata, anapiga tena. Sipokei. Pongezi nitazipokea kesho, zote kwa pamoja.