Kigelegele cha Sekunde Kumi na Moja

Jumatatu, 6 Mei 2024. Meknes.

Wiki ya utukufu wangu imeanza!

Jumamosi hii inatimia miaka hamsini tangu bendi ya Barq ipige roki katika ukumbi wa sinema ambao sasa ni duka la vigae. Nyumba ya Vijana imeandaa kikao cha kumbukumbu, saa kumi alasiri. Rekodi ya usiku ule ni moja tu duniani, nayo ni yangu. Niliinasa kwa siri, kinasa sauti kikiwa kikapuni, juu yake nimetandaza mnanaa. Mlangoni waliniuliza kama nimekuja kusikiliza muziki au kuuza mnanaa. Nikawajibu yote mawili.

Mpango: niisafishe rekodi hadi ing'ae, niwasikilizishe watu, kisha wakinishangilia nisimame polepole, kama mtu asiyetaka kusimama.

Tatizo: utepe unanata. Najieleza mwenyewe, maana mwalimu akistaafu, kueleza hakustaafu. Utepe wa zamani hufyonza unyevu wa hewa, gundi yake ikalainika kama tende. Ukiuzungusha hivyo, unachunika. Dawa ni kuukausha kwa joto dogo, nyuzi hamsini na nne, saa nane mfululizo. Jiko letu la gesi joto lake la chini kabisa hukausha kuku. Nimekwenda kwa Allal, mwokaji wa mtaa. Juu ya tanuri lake kuna rafu ambapo watu hukaushia lozi. Nimepima kwa kipimajoto: hamsini na tatu! Allal akaniuliza nimeleta mkate gani huo mweusi. Nikamweleza kwa dakika ishirini. Akasema, "Ustadhi, ningejua ni mrefu hivyo nisingeuliza."

Mke wangu Ghita ameniuliza kwa nini nanuka moshi. Tangu upasuaji wa koo mwaka juzi, Ghita hunong'ona tu. Akiniita hupiga makofi mawili. Akikasirika, matatu.

Leo matatu.

Jumanne, 7 Mei

Umecheza! Kutoka mwanzo hadi mwisho, na wote umeingia kwenye kompyuta. Nilikaa na visikizi masikioni, chai ikapoa. Nimewasikia vijana wa Meknes wakipiga miluzi. Nimemsikia muuza mbegu za maboga akiita wateja katikati ya ngoma. Nimesikia kikohozi changu mwenyewe, kikohozi cha mtu wa miaka ishirini na mbili, chepesi, hakina wasiwasi wowote. Nilikirudia mara tano.

Ila kuna doa. Katika wimbo wa mwisho, Mekki Serghini anapoanza kuliliza gita peke yake, mwanamke mmoja nyuma yangu anapiga kigelegele. Sekunde kumi na moja! Karibu kabisa na kikapu. Kinafunika gita lote. Nimekuwa nikimlaani mwanamke huyo kwa miaka hamsini. Nimemweleza Ghita mara nyingi kwamba punda yule ndiye aliyeniharibia kazi. Ghita husikiliza huku akimenya kitu.

Bouchaib, fundi umeme mstaafu wa kichochoro cha pili, ametangaza mkahawani kwamba naye ana rekodi. Anayo, ndiyo. Mwaka 1976 nilimwazima utepe wangu wiki moja, akaunakili kwenye kaseti bila idhini. Kunasa muziki wa watu bila kuwaambia ni mapenzi ya sanaa. Kumnasa aliyenasa ni wizi.

Jumatano, 8 Mei

Nimekiondoa! Kazi ya saa tisa. Kigelegele kina mawimbi yake, gita lina yake. Unayatafuta ya kwanza kwenye kioo cha kompyuta, unayafuta kwa ncha ya mshale, kama kuchambua mawe kwenye dengu. Palipobaki tundu nimebandika kipande cha gita kutoka wimbo wa pili. Hakuna atakayejua.

Kompyuta ikalalamika haina nafasi. Nimeifuta rekodi chafu, nimebakiza safi. Utepe nao, kwa kuwa kompyuta ipo, umekwisha kazi.

Nimemwita Ghita asikie. Amesimama, glavu za kuoshea vyombo mkononi. Akanong'ona: kigelegele kiko wapi? Nikamweleza habari ya mawimbi, mwanzo hadi mwisho. Akaniangalia kidogo, akaenda kuanika nguo. Amezidiwa na uzuri wa kazi, nadhani.

Baadaye nimeona hakukuwa na nguo za kuanika.

Alhamisi, 9 Mei

Siku mbaya.

Nimempelekea Mekki asikie kabla ya watu. Ana miaka sabini na sita, vidole vimepinda, gita limetundikwa ukutani kama picha ya marehemu. Hajajisikia akipiga tangu bendi ivunjike. Akafumba macho. Wimbo wa mwisho ulipofika akayafumbua.

"Yule mwanamke yuko wapi?"

Nikamwambia nimemsafisha. Kwa fahari!

Akaniuliza kama najua kilichotokea pale. Sikujua, nilikuwa nimeinamia kikapu. Akasema uzi wa kwanza ulikatika mwanzoni kabisa. Watu wakaanza kuzomea. Akageuka aondoke jukwaani, mguu mmoja tayari gizani. Ndipo kikatoka kigelegele kile, peke yake, juu ya zomeazomea. Akarudi kikiwa bado hewani, akapiga kwa nyuzi tano kama hajawahi kupiga. Amemtafuta mwanamke yule miaka hamsini ili amshukuru.

"Hapa umemweka mtu anayejiamini, Ustadhi," akasema. "Simfahamu. Mpeleke kwao."

Nimerudi nyumbani nikamsimulia Ghita ili anipoze. Hakunipoza. Alikaa, akanivuta sikio karibu na mdomo wake, akanong'ona muda mrefu kuliko alivyowahi tangu upasuaji.

Safu ya tatu. Gauni la kijani la kuazima. Mama yake alidhani yuko kwa shangazi. Miaka kumi na tisa. Punda alikuwa yeye.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka arobaini na saba ya ndoa. Akasema tulipochumbiana, siku ya pili tu, nilimsikilizisha utepe na kumtukana mwenye kigelegele kwa nusu saa. Akaona aibu. Halafu akazoea. Kila nilipoucheza ili nilalamike, yeye alikuja mlangoni kujisikia.

Sasa sauti hana. Katika harusi ya mpwa wake mwezi uliopita alikaa akipiga makofi tu. Ile ilikuwa ndiyo sauti yake, na haiko kwingine. Aliyeifuta ni mimi.

Sikupigiwa makofi leo. Hata moja. Afadhali angepiga matatu.

Ijumaa, 10 Mei

Mpango mpya, wa hakika! Utepe bado ninao. Umeanza kunata tena, lakini ukikaushwa mara ya pili utacheza. Nitakirudisha kigelegele, Ghita atanisamehe, Mekki atalia.

Nimeuwahisha kwa Allal asubuhi. Nilitaka usipate vumbi, nikaufunika kwa kitambaa cha mkate cha nyumba yetu, cha buluu chenye mistari.

Mtu yeyote wa mtaa huu angejua kosa langu. Allal hasomi majina, husoma vitambaa. Ijumaa nyumba zote huleta mikate kabla ya sala, na yeye huingiza tanurini mikate ya ubao baada ya ubao bila kuangalia. Ameona buluu yenye mistari. Nyumba ya Ustadhi. Ameuingiza ndani.

Nimeletewa kwenye ubao, katikati ya mikate miwili ya jirani, umejikunja kama ganda la chungwa. Allal ameomba radhi. Akaongeza kwamba kwa heshima yangu ameugeuza upande wa pili.

Imebaki nakala moja duniani. Ya Bouchaib.

Nimekwenda baada ya kuskus ya mchana. Alinifungulia akiwa tayari anatabasamu. Akanikaribisha kwa adabu iliyopita kiasi, akanitilia chai, akaniita kaka yangu mpenzi. Sharti lake: niandike kwa mkono wangu kwamba mwaka 1976 alinakili kwa idhini yangu kamili, na kwamba bila yeye muziki wa mji huu ungepotea. Nimeandika. Akanirudishia karatasi: nimesahau neno "shujaa". Nimeliongeza.

Jumamosi, 11 Mei

Nyumba ya Vijana ilijaa watu, na kaseti ya Bouchaib inavuma kama mafuta ya kukaangia. Gita linasikika kama limefungiwa kabatini. Katikati ya wimbo wa tatu mbwa wa Bouchaib wa mwaka 1976 anabweka. Niliteseka.

Wimbo wa mwisho ukafika. Uzi ukakatika, safari hii nimeusikia, tak! Kuzomea. Kisha kigelegele, chembamba, kikapanda, kikakaa juu bila kupumua. Mekki akasimama akishika kiti. Akauliza kama kuna mtu anayejua alikuwa nani.

Ghita akanyanyua mkono. Polepole, kama mtu asiyetaka.

Mekki alivuka ukumbi mzima na mkongojo wake. Akamwomba apige kimoja tu. Ghita akagusa koo, akatikisa kichwa. Ndipo bibi mmoja wa safu ya nyuma akapiga kwa niaba yake, akafuata mwingine, kisha wanawake wote, hata mfagiaji mlangoni, na Ghita katikati yao amefunika uso akicheka.

Sikumbuki kama nilisimama. Bouchaib alisimama mara tatu.

Jumatatu, 13 Mei

Amani nyumbani. Bouchaib amemzawadia Ghita kaseti ile, na Ghita ameiweka kwenye redio ya jikoni. Anaicheza akikanda unga. Kikifika kigelegele anaacha kukanda, midomo yake inafuata. Leo kanipigia makofi mawili. Nimesamehewa.

Nimejifunza mengi wiki hii. Kwamba doa la mtu mmoja ni roho ya mwingine. Kwamba kitu cha kale hakiguswi. Nimemweleza Ghita hayo kwa kirefu, akaniomba nimpishe afike kwenye sinki.

Ila huo mvumo! Unaniingia mpaka kwenye meno. Na mbwa yule hana haki yoyote ya kuwa pale.

Kesho asubuhi Ghita anakwenda hamamu, bafu la mvuke la mtaa, hukaa saa tatu nzima. Nitaichukua kaseti kidogo tu. Nitauondoa mvumo, na mbwa, basi. Kigelegele sitakigusa hata kidogo. Pengine nikipunguze ukali kule mwisho, pale kinapopasuka.

Nimeiona imeanza kunata. Nitapitia kwa Allal. Safari hii nitaifunika kwa kitambaa cha jirani.