Brashi Ndani ya Gobore la Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Baba mkwe ameingia hapa Ipuli saa nne asubuhi, gobore lake limeviringishwa kwenye mkeka. Ijumaa ana uhakiki wa silaha polisi, kwa hiyo atakaa kwetu mpaka siku hiyo. Kaletwa na Bundala, mume wa shemeji yangu Suzana. Bundala ana biashara ya mchele Igunga na pikapu mpya. Habari za mchele haongei sana, anaongea za pikapu.

Jambo lenyewe ni hili. Mzee Benjamini, baba mkwe huyu, magoti yake yamechoka. Msimu huu hatalima majaruba yake ya mpunga, atamwachia mkwe mmoja. Bundala kamletea miwani na blanketi. Mimi sikuwa na kitu.

Sasa ninacho. Mzee alipokwenda kuoga nililichungulia gobore. Mtutu umejaa kutu. Wakilikataa Ijumaa, nguruwe pori watamaliza mahindi yake. Kesho akienda misa nalisafisha. Alisema lisiguswe, ila alikuwa anamwambia binti yetu Magreth, si mimi.

Jumanne, 10 Septemba

Nimenunua brashi ya waya sokoni, ile ya kusafishia mabomba. Muuzaji kaniuliza bomba la inchi ngapi. Nikasema la kawaida.

Nikaifunga kwenye mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia baruti. Iliingia kwa shida, ikafika chini kabisa. Kurudi ikakataa. Nikazungusha. Nikakikanyaga kitako cha gobore kwa miguu yote miwili, nikavuta. Mdeki ukatoka peke yake.

Nikamulika kwa tochi ya simu, jicho mdomoni mwa mtutu. Mbali kule chini brashi inameremeta. Nikagonga mtutu kwa nyundo, mara ishirini hivi. Nikaingiza waya wa uzio niliokunja ndoano. Ndoano nayo imebaki humo.

Mzee aliporudi aliuliza mbona natokwa jasho. Nikasema nilikuwa napasua kuni. Hapa kwetu tunapikia mkaa.

Jumatano, 11 Septemba

Naandika polepole nisiruke kitu.

Asubuhi nilipata wazo la moto. Chuma kikipata moto kinatanuka, hata shuleni tulifundishwa. Mzee kaenda misa, mke wangu Advera yuko kisimani. Nikawasha jiko uani, nikalaza gobore kando, nikawa napepea mkaa ushike vizuri.

Mara nasikia Mzee anabisha hodi. Padri kasafiri, misa hakuna. Nikalisukuma gobore chini ya kitanda chetu, nikabandika birika haraka. Mzee akafurahi kukuta chai. Tukakaa. Akaanza kusimulia habari za nguruwe, nami naitikia tu. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuomba sukari:

"Mwezi wa tano nilimvizia mmoja siku tatu, hakutokea. Baruti niliyoshindilia siku zile bado imo ndani ya gobore. Nilitaka niifyatue kabla ya safari, nikasahau."

Nikaweka kikombe chini. Nikakumbuka jicho langu mdomoni mwa mtutu. Nikakumbuka nyundo. Nikautazama mkaa wangu, umeshika vizuri sana. Fataki ya kuiwasha baruti hakuna, lakini baruti ikipata moto haisubiri fataki. Hata Bundala nilimwonea huruma, kwa sababu gobore lilisafiri nyuma ya kiti chake.

Halafu nikasikia kitanda kikilia. Advera alikuwa amerudi, kakaa juu yake anakunja nguo.

Nikamwita. Akasema nisubiri. Nikamwita tena, sauti ikatoka nyembamba. Akaja, akanitazama usoni, akanivuta nyuma ya nyumba. Nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Baba Magreth, mtoto alikuwa wapi ulipokuwa unagonga?"

Nikasema alikuwa shule. Akalitoa gobore mwenyewe, akaliegemeza ukutani mdomo juu, akamimina maji ndani mpaka yakafurika. Nikamwomba Mzee asijue, tungepata njia. Alikwenda moja kwa moja, akapiga goti mbele ya baba yake, akasema. Mzee akaisukuma chai yake kando. Kisha akaomba kibali chake cha silaha kitolewe mfukoni mwa koti, akakiweka mbali na mimi. Tangu hapo hajasema na mimi.

Alhamisi, 12 Septemba

Maji yamelala humo usiku kucha. Tumekwenda Mtendeni, gereji ya malori ya Jigar, kijana wa marehemu Kassamali aliyekuwa mwenye gereji. Mzee ndiye aliyebeba gobore. Mimi nilibeba mkeka.

Jigar alimwamkia Mzee shikamoo, akasikiliza, akauliza nani kafanya hivi. Mzee akasema ni mtu wa nyumbani. Nyuma ya mtutu pana kidude pale fataki inapokaa. Jigar akakifungua, akafunga kingine cha kupigia grisi lori. Akatuondoa wote mbele ya mdomo wa mtutu, akaanza kupampu grisi ndani.

Pampu ya kumi, hakuna kitu. Ya thelathini, mtutu ukalia kidogo na Jigar akarudi nyuma hatua moja. Mzee akashika rozari. Nilifikiria majaruba, kisha nikaona aibu, kisha nikayafikiria tena. Ya hamsini na kitu ikatoka ndoano. Halafu brashi, taratibu, imevaa grisi nyeusi, na nyuma yake baruti imekuwa uji.

Wakati huo huo pikapu ikasimama. Bundala kashuka, alikuwa anamtafuta Mzee, kaiokota brashi, kauliza ni ya nani. Mzee alinigeukia.

"Mkwe, ungekufa. Ningemwambia nini mwanangu?"

Nililia kidogo. Nimemwambia Bundala ni moshi wa malori.

Ijumaa, 13 Septemba

Gobore limepita. Askari kamulika mtutu, kasema kwa muda mrefu hajaona uliosafishwa hivi. Mzee akanitazama.

Nje ya kituo katoa uamuzi. Majaruba atalima Advera, kwa jina lake, kwa sababu yeye ndiye aliyemwambia ukweli. Bundala kanuna hadi nyumbani. Mimi nahesabu nimeshinda. Advera ni mke wangu.

Jumamosi, 14 Septemba

Mzee kaondoka salama.

Jana pale kwenye foleni wazee watatu walimsikia askari, wakaniuliza nani fundi. Nikasema ni mimi. Uhakiki wao ni wiki ijayo, kwa hiyo Jumatatu wanakuja hapa na magobore yao, Advera akiwa shambani. Safari hii nimekuwa mwangalifu, nimeuliza kwanza kama yana baruti. Wawili wamesema hayana. Wa tatu hakumbuki. Nimemwambia aje saa tatu, nitaanza na lake.